Upande Aliopewa Nawal

Mjukuu wangu Nawal alinifunza habari za Washington jikoni kwetu Stafford, Texas, mimi nikikanda unga wa mahamri, yeye amekaa juu ya kiti kirefu, daftari mapajani. Mwalimu wao wa mdahalo, Bi Cécile, mwenyeji wa Luiziana, alikuwa na desturi yake: kila mtoto aieleze hoja nyumbani kwa mtu asiyeijua, na kwa lugha ya nyumbani. Yule mtu akielewa, mtoto anatia alama kwenye karatasi. Asipoelewa, anaanza upya. Nawal akanichagua mimi. Nimesoma mpaka darasa la saba, Mombasa, na tangu hapo hakuna aliyewahi kunipa kazi ya shule, kwa hiyo nilifurahi zaidi kuliko nilivyoonyesha.

Hoja ilikuwa hii: mji wa Washington, ambao ndio mji mkuu wa Amerika, ufanywe jimbo kamili kama Texas ilivyo jimbo, au ubaki ulivyo? Mimi nilidhani ni jambo la kujibiwa kwa neno moja. Kumbe watu wa Washington wamepita nusu milioni, wanalipa kodi, watoto wao wanakwenda jeshini, na seneta hawana hata mmoja. Wana mjumbe wao bungeni, anakaa na wenzake na kusema, lakini inapofika kupitisha sheria, kura yake haimo. Na sheria wanazojitungia wenyewe mjini kwao, bunge likitaka linazifuta.

"Na taka zao anazoa nani?" nikamuuliza.

"Nyanya! Hakuna mtu anayeuliza hivyo."

"Mimi nauliza. Mji wa watu wengi kiasi hicho lazima uwe na taka."

Akacheka, akaandika swali langu pembeni mwa daftari, na kesho yake akaniletea jibu: ni manispaa yao wenyewe, kwa kodi yao wenyewe. Tukaendelea hivyo siku baada ya siku. Nilimsikiliza kama tunavyosikilizana kwetu. Mtu akikuzungumzia, unamwitikia: naam, ehee, ewaa, ikawaje. Ukikaa kimya kama ukuta, umemdharau. Nikaona na yeye amezoea, akisema jambo ananiangalia, anangoja naam yangu, kisha anakwenda mbele.

Siku ya nne akaja na maneno mengine.

"Leo nakwambia kwa nini Washington isiwe jimbo."

"Ala! Na jana?"

"Jana nilikuwa ndiyo, nyanya. Leo mimi ni hapana."

Akanieleza kwamba wanashindana wawili kwa wawili, yeye na Gakii, binti wa nesi mmoja Mmeru anayekaa Missouri City, mji wa jirani. Kabla ya kila raundi hurushwa sarafu. Anayeshinda huchagua upande, na aliyeshindwa huchukua uliobaki. Kwa hivyo mtoto lazima azijue pande zote mbili kama anavyozijua sura mbili za sarafu yenyewe. Basi akaanza: waliouasisi mji ule hawakutaka uwe ndani ya jimbo lolote, wasije watu wa jimbo hilo wakaishika shingoni serikali ya watu wote. Alikuwa bado hajafika mbali wakati mwanangu Shuaib, babake, alipoingia kwa mlango wa gereji, viatu vya kazi mkononi, ametoka na lori Laredo.

"Nani anayesema Washington isiwe jimbo?"

"Mimi, baba. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Ya kusema usichokiamini?"

Hapo lazima nieleze. Kabla ya kuhamia huku Texas, Shuaib aliendesha teksi Washington miaka tisa. Nawal mwenyewe alizaliwa kule. Mwaka wa tisini na tatu bunge lilipopiga kura juu ya jambo hili hili, na likakataa, Shuaib alisimamisha gari kando ya barabara akasikiliza redio mpaka mwisho, na abiria wake, mzee mmoja mzaliwa wa pale, akalia. Mwaka wa tisini na tano akala kiapo cha uraia, akapewa bendera ndogo, akatoka nje na suti yake akamkuta mtu ameweka meza ya kuandikisha wapiga kura. Akamuuliza, "Seneta wangu ni nani?" Yule mtu akamwambia, "Ndugu yangu, hapa hatuna." Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia habari za harusi yake.

"Asubuhi unasema ndiyo, jioni unasema la," akamwambia Nawal, "na mdomo ni huo huo mmoja. Jambo hilo kwetu lina jina lake."

Hakulitaja, lakini sote watatu tulilijua. Unafiki.

"Si uongo, baba. Ni debate."

"Haya. Nitakwenda mwenyewe Dallas kwenye mashindano yenu nione. Nikikuta ni mchezo wa kudanganya watu kwa koti na tai, Jumatatu unamrudishia mwalimu wako vitabu vyake. Yameisha."

Akapanda ngazi kwenda kuoga. Nawal akabaki anafuta neno moja kwa raba mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto huyu alikuja Texas akiwa na miaka minane, kimya chake kilimtia mamake wasiwasi. Hadiya, mkwe wangu, alimpeleka hata kupimwa masikio. Tangu aingie timu ya Bi Cécile ndipo tulipoanza kumsikia akicheka kwenye simu. Nilijua anachokaribia kunyang'anywa.

"Nyanya, niombee sarafu iniangukie ndiyo kila raundi."

"Nitakuombea usiaibike. Ya sarafu mwachie Mungu." Nikafunika unga kwa kitambaa. "Lakini hebu niambie. Kabla haijawa mji mkuu, ile ardhi ilikuwa ya nani?"

"Ya Maryland. Jimbo la jirani. Walilitoa lile eneo."

"Na hao Maryland wana maseneta?"

"Wawili."

"Basi watu wa pale hawawezi kurudi kwao?"

Penseli ikasimama. "Wako watu waliosema hivyo. Nimesoma mahali. Lakini ni hoja ngumu, nyanya, wengi wanaiacha."

"Mimi nauliza tu, mama," nikasema.

Mashindano yalikuwa Februari ya mwaka 2004, Jumamosi, wiki tatu baada ya Idi kubwa. Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, Shuaib akiendesha, Nawal na Gakii nyuma na makaratasi yao, mimi mbele na chupa ya chai ya tangawizi miguuni na bakuli la mahamri na mbaazi mapajani. Hadiya alikuwa na zamu hospitalini, akatuaga kwa kutuhesabu kama mizigo. Tukalala Richardson, kando ya Dallas, kwa binamu yangu Azizi, na asubuhi tukafika kwenye shule kubwa, ukumbi kwa ukumbi, watoto wamevaa kama mabwana wa benki wanaongea na kuta. Nilidhani wamepandwa na mashetani.

"Wanafanya mazoezi, nyanya," Gakii akaniambia. "Hata sisi tutaongea na ukuta, usishtuke."

Raundi ya kwanza Shuaib alikuwa bado anatafuta pa kuegesha gari. Sarafu ikawaangukia wasichana, wakachagua ndiyo. Chumba cha darasa, watu kama kumi, mwamuzi mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nawal akasimama. Kiingereza changu kinatosha kununua samaki na kumsikiliza daktari, lakini hotuba ile niliijua yote kwa Kiswahili, nilikuwa naitambua inapopita. Akasema la kodi, nikaitikia, "Naam." Akasema la wanajeshi, "Ewaa." Akafika kwenye mjumbe asiye na kura, nikasema, "Ehee, ikawaje?"

Mwamuzi akainua mkono. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Kumbe kwenye mashindano yao msikilizaji hatakiwi kutoa sauti hata kidogo. Walidhani ninampa mtoto ishara kwa lugha ya siri. Bi Cécile akainuka akaeleza, mwamuzi akasikiliza vizuri, kisha akaniambia polepole, kwa adabu sana, kwamba nikirudia itabidi nitoke. Nikatia leso mdomoni. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kukanda unga. Nawal naye alinitazama mara mbili, akangoja, hakupata kitu, akaendelea peke yake. Wakashinda.

Mchana Shuaib aliposimuliwa alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, umefukuzwa shule uzeeni!"

"Sikufukuzwa. Nimeonywa."

"Uncle, wewe cheka tu," Gakii akasema. "Tunakuona. Wewe ndiye utatuharibia."

"Mimi? Mimi najua kukaa."

Sitasahau alichotufanyia Bi Cécile saa ya swala. Aliomba ufunguo wa darasa moja tupu, akasogeza madawati kwa mikono yake mwenyewe, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamuuliza Shuaib ni upande gani. Kisha akasimama nje kulinda mlango asiingie mtu. Mwanangu akiwa anakunja msala wake akasema, "Huyu mwalimu ana heshima." Nikaliweka neno hilo akilini.

Wakashinda raundi ya pili, ya tatu, na ya nne. Zote hizo sarafu iliwapa ndiyo, na Shuaib akakaa nyuma akitikisa kichwa kwa raha, kama anayesikia kesi yake ikisemwa na wakili mzuri. Nikaanza kudhani tumesalimika.

Fainali ilifanyika kwenye ukumbi wa vitabu, waamuzi watatu, watu wengi. Wapinzani walikuwa wavulana wawili wa Dallas. Mmoja wao, mrefu mwenye tai nyekundu, akataja upande wa sarafu, ikaanguka alivyotaja, akachagua ndiyo. Nawal hakutazama sarafu. Alimtazama babake.

Shuaib akakunja mikono kifuani.

Yule wa tai nyekundu akaanza. Alikuwa na sauti, lakini haraka mno, kama anakimbilia basi. Akasema watu wa Washington hawana kura ya lolote, hata rais hawampigii. Nikasikia kiti cha Shuaib kinalia.

"Si kweli," akanong'ona. "Mimi nilimpigia rais."

"Nyamaza!" nikamfinya paja.

"Anaitetea vibaya, mama!"

Masikini mwanangu. Mtu wa upande wake ndiye aliyekuwa anamtesa. Ulipofika wakati wa kuulizana maswali, Nawal akamuuliza yule kijana kwa upole, "Mwaka 1996 baba yangu alimpigia kura rais pale Washington. Unasema hakupiga?" Watu wakacheka, kijana akawa mwekundu kama tai yake. Shuaib akanisogelea. "Umesikia hiyo?" Nikamfinya tena.

Kisha Nawal akasimama kusema hapana. Nilishika kiti. Hotuba hii sikuwa nimeisikia jikoni, alikuwa ameiandika kwa Azizi alfajiri, baada ya swala. Yale nisiyoyashika Gakii alinieleza baadaye, nami nayaandika kama alivyonieleza.

Alisema hivi: "Wapinzani wetu wanasema watu wa Washington hawana wa kuwasemea kwenye seneti. Ni kweli. Sitawaambia si kweli. Baba yangu aliendesha teksi kule miaka tisa. Siku aliyokula kiapo alitoka nje na bendera yake akauliza seneta wake ni nani, akaambiwa hana. Siwaombi mumsahau mtu huyo. Ninauliza, njia ipi itamfikisha upesi? Jimbo jipya wameliomba miaka mingi, bunge limekataa. Ardhi ile ilitolewa na Maryland. Ibakizwe serikali na majumba yake, na mitaa wanayokaa watu irudi Maryland. Hapo baba yangu angeuliza swali lake, angepewa majina mawili."

"Naam!" akasema Shuaib. "Wallahi naam! Ndivyo hasa ilivyokuwa!"

Na alikuwa amesimama.

Mwamuzi mkuu, mwanamume mwenye nywele nyeupe, akaweka kalamu chini na kumwonyesha mlango. Mwanangu, baba wa mtu, dereva wa lori la magurudumu kumi na manane, akachukua kofia yake akatoka ananyata kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mlango ukafungwa nyuma yake. Mlango wenyewe ulikuwa na kioo, na tukamwona amesimama huko nje, sikio kwenye upenyo.

Gakii akamsogezea Nawal gilasi ya maji. Akanywa, akatazama kile kioo, akamalizia hotuba yake yote bila kutazama karatasi.

Walishindwa, waamuzi wawili kwa mmoja.

Tulimkuta Shuaib kwenye korido, kando ya kabati la vikombe, kofia anaizungusha mikononi. Hakumngoja mtu aseme.

"Ni mimi. Nimekupokonya ushindi."

"Si wewe, baba," Nawal akasema. "Wameandika sababu, ona. Wapinzani waliuliza, Maryland wakikataa kuwapokea je? Sikuwa na jibu. Ya kwako wameandika chini kabisa." Akamwonyesha. "Wamesema, baba ana mapenzi, lakini ana sauti."

Gakii akageukia kabati kuficha kicheko.

Shuaib hakucheka. Akasema, "Ulikuwa upande wa hapana."

"Ndiyo, baba."

"Nami nilikuwa nakusikiliza nikikutafutia uongo. Nilipotoka nikasema, afadhali, nitasikia vizuri zaidi, huko ndani nilikuwa nabishana moyoni. Hapa nje hakuna wa kumjibu. Nikakusikiliza mpaka mwisho." Akavaa kofia, akaivua tena. "Hukusema hata jambo moja usiloliamini. Ulifanyaje?"

Nawal akatazama viatu vyake. "Nilitafuta kwenye upande ule kitu ambacho ningeweza kukuambia wewe usoni. Nikakipata kimoja. Nikashika hicho."

Mwanangu akaweka mkono wake kichwani kwa binti yake, juu ya mtandio, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Bi Cécile akaja na makaratasi, huku anajifuta macho na kucheka kwa pamoja. Washindi wa pili nao walikuwa wamepata nafasi ya kwenda Austin, kwenye mashindano ya jimbo zima, mwezi wa Aprili, na mzazi alitakiwa atie sahihi. Alimpa Shuaib kalamu bila kujua kilichokuwa kikingojewa pale. Nawal alijua. Gakii alijua. Mimi nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Mwalimu," Shuaib akamwambia, "nisamehe kwa fujo yangu."

"Bwana Shuaib," akajibu, "ungekuwa na umri wao, ningekuweka kwenye timu. Lakini kwanza ningekufunga mdomo."

Akatia sahihi akiwa ameegemea kabati la vikombe, kwa herufi kubwa, kisha akaisoma tena karatasi yote kama mtu anayeogopa kwamba ameacha mstari.

Tulirudi siku ile ile, jua bado lipo. Niligawa mahamri yaliyobaki, yalikuwa yamepoa lakini laini. Nikakaa nikimshukuru Mungu, na kwa kuwa njia ilikuwa ndefu nilimshukuru kwa mmoja mmoja: kwa Bi Cécile na madawati aliyoyasogeza, kwa Gakii na gilasi yake ya maji, kwa Hadiya aliyeko zamu ili sisi tuwe pale, kwa yule kijana wa tai nyekundu aliyekuja kumpa Nawal mkono mwishoni na kumwambia alimwogopa. Nikamshukuru hata kwa yule mzee wa nywele nyeupe. Miaka arubaini na tatu nimemlea Shuaib, nilikuwa sijapata mtu wa kumtoa nje amsikilize mwenzake.

"Haya," alisema Shuaib tulipoishika barabara kuu ya Houston. "Tuseme mimi ndio Maryland. Nimekataa kuwapokea. Utanijibu nini?"

"Baba, nimechoka."

"Austin hawatakuuliza kama umechoka. Jibu."

Nawal akavuta daftari lake, akakaa wima nyuma ya kiti cha babake. "Nipe dakika nne, na usinikatize."

"Sikukatizi."

Alimkatiza kabla hatujafika Ennis, mwendo wa nusu saa tu kutoka Dallas.